Mipira Iliyopungua Upepo

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali tamu barazani, lakini nimekuja kuona kwamba ni hakimu mbaya. Leo nitatoa mfano wa kisa cha mipira huko Marekani, kisa ambacho mimi mwenyewe nilikitolea hukumu kabla sijakisoma.

Tarehe 18 Januari 2015, katika mji wa Foxborough, timu ya New England Patriots iliikaribisha Indianapolis Colts. Mchezo wenyewe si kandanda tunayoijua sisi. Ni mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa zaidi kwa mikono, na mpira wake umechongoka ncha mbili. Mshindi wa siku hiyo alikuwa anakwenda fainali. Patriots walishinda 45 kwa 7. Kabla jasho halijakauka, zikaenea habari kwamba mipira yao ilipunguzwa upepo.

Katika ligi hiyo, iitwayo NFL, kila timu inaposhambulia hutumia mipira yake yenyewe. Sheria inataka upepo uwe kati ya ratili 12.5 na 13.5 kwa kila inchi ya mraba. Mpira uliolegea kidogo hushikika vizuri, hasa siku ya mvua kama ile. Colts walikuwa wamewaeleza wakuu wa ligi shaka yao siku moja kabla. Wakati wa mapumziko mipira ya Patriots ikapimwa, na 11 ikaonekana iko chini ya kiwango.

Basi zogo likaanza. Mashabiki wa Boston na vitongoji vyake walisema huo ni wivu mtupu. Karibu kwingineko kote watu walisema hao ni wezi, na walikuwa na sababu. Mwaka 2007 timu hiyo hiyo ilitozwa faini ya dola 250,000, na kocha wake dola 500,000, kwa kupiga picha za video za ishara za makocha wa wapinzani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nilikuwa upande wa walioshtuka.

Mwezi Mei 2015 wakili Ted Wells alitoa ripoti ya kurasa 243. Alisema yaelekea zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli kwamba wafanyakazi wawili wa timu walipunguza upepo kwa makusudi, na kwamba mrushaji wao maarufu, Tom Brady, alikuwa na habari. Kamera ilimwonyesha mmoja wao akiingia chooni na mifuko ya mipira, akakaa kama dakika moja na sekunde 40. Huyo huyo aliwahi kujiita katika ujumbe wa simu mpunguza upepo. Timu ikajitetea kwamba alimaanisha kupunguza unene wa mwili! Brady naye ilijulikana baadaye kwamba simu yake ya zamani iliharibiwa. Alifungiwa michezo minne. Timu ikatozwa dola milioni 1 na kunyang'anywa nafasi mbili za kuchagua wachezaji wapya.

Hapo nilifunga kesi. Nilipokuja kuisoma habari kwa utulivu, nikakuta mambo yanayokera. Dereva yeyote wa lori anajua kwamba tairi lililojazwa upepo mchana wa jua, likipimwa alfajiri ya baridi, huonekana limepungua, na hakuna aliyelitoboa. Mipira ile ilipimwa chumbani kwenye joto la nyuzi 20 hivi, kisha ikatolewa kwenye baridi ya nyuzi 10 hivi. Kwa hesabu ya fizikia, mpira wa ratili 12.5 hushuka wenyewe hadi kama 11.5.

Je, vipimo vilisema nini? Vilikuwa viwili na havikupatana. Kimoja kilitoa wastani wa 11.5 hivi, kingine 11.1. Vipimo vya kabla ya mchezo havikuandikwa popote. Mwamuzi alikumbuka kwamba alitumia kile cha kwanza. Ripoti ikaamua kwamba yaelekea alitumia cha pili. Mipira ya Colts ilipimwa minne tu, muda ukaisha. Wataalamu wa ripoti walisema baridi peke yake haitoshi kueleza upungufu ule. Profesa John Leonard wa chuo cha MIT alisema inatosha.

Zaidi ya hapo, mipira ilijazwa upepo wakati wa mapumziko, matokeo yakiwa 17 kwa 7. Kipindi cha pili Patriots walipata pointi 28, wenzao sifuri.

Mahakama nazo? Septemba 2015 jaji alifuta adhabu ya Brady. Aprili 2016 mahakama ya rufaa ikairudisha, majaji wawili dhidi ya mmoja. Lakini kesi ilihusu mamlaka ya mkuu wa ligi kutoa adhabu. Kama upepo ulitolewa au haukutolewa, hakuna mahakama iliyoamua.

Linganisha na Montevideo, tarehe 30 Julai 1930, fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia. Uruguay na Argentina kila mmoja alitaka mpira wake utumike. Ugomvi ukamalizwa mapema: kipindi cha kwanza mpira wa Argentina, cha pili wa Uruguay. Argentina waliongoza 2 kwa 1, Uruguay wakashinda 4 kwa 2. Kila mtu alijua mpira gani ulichezwa lini.

Wakuu wa NFL waliipata shaka siku moja kabla. Laiti wangeandika vipimo kwa kalamu ya senti chache, wangeokoa mwaka mzima wa kesi na jina la mtu.

Sisemi Patriots ni malaika. Ule mlango wa choo bado unanisumbua. Nasema kwamba nilimhukumu mtu kwa sababu timu yake ilikuwa na doa la zamani, na kwa sababu nilifurahi kumwona bingwa akiaibika. Hiyo ni furaha ya shabiki, na shabiki haifai akalie kiti cha hakimu.