Kijiwe cha 660

Saa tisa alasiri, tarehe 1 Julai 1987, wapenzi wa muziki wa kantri jijini New York waliachwa bila redio yao. WHN, iliyokuwa ikisikika kwenye masafa ya kati, kilohezi 1050, ilinyamaza, na papo hapo ikazaliwa WFAN. Sauti ya kwanza ilikuwa ya mwanamke, Suzyn Waldman, aliyetokea kwenye maigizo ya muziki, akisoma habari za michezo. Kuanzia hapo ikawa michezo asubuhi, michezo mchana, michezo hadi usiku wa manane. Ndiyo inayohesabiwa kuwa stesheni ya kwanza ya redio kuzungumzia michezo saa 24.

Wengi walicheka. Kutangaza mechi, sawa. Lakini mechi ikiisha mtaongea nini? Jeff Smulyan, bosi wa kampuni ya Emmis iliyoimiliki stesheni, aliamini kwamba mechi ikiisha ndipo maongezi yanapoanza. Shabiki yeyote wa Simba au Yanga aliyewahi kupita kijiweni asubuhi baada ya mechi ya watani angemwambia hajakosea.

Hata hivyo, fedha zilitoka nyingi kuliko zilivyoingia. Baadhi ya watangazaji wakubwa waliletwa kutoka miji mingine, na mkazi wa New York hapendi kufundishwa na mgeni habari za timu yake. Pia masafa yenyewe yalikuwa na kasoro. Mawimbi ya masafa ya kati husafiri mbali zaidi usiku, yakigonga tabaka la juu la anga na kurudi chini, kwa hiyo stesheni hupangiwa zipishane. Kilohezi 1050 zilikuwa haki ya Meksiko, hivyo jua likitua WFAN ililazimika kuelekeza nguvu zake upande mmoja na kuwanyima wengine. Na mechi nyingi za besiboli huchezwa usiku!

Dawa ilipatikana Oktoba 1988. NBC ilikuwa ikiuza redio zake, Emmis ikanunua nafasi ya WNBC kwenye kilohezi 660: wati 50,000, usiku na mchana, sauti inayofika majimbo ya mbali. Nafasi hiyo ina ukoo mkubwa. Ni ya iliyokuwa WEAF, redio iliyorusha tangazo la biashara la kulipiwa mwaka 1922, la nyumba za Jackson Heights, ambalo wanahistoria wengi hulitaja kuwa la kwanza. Pamoja na masafa alikuja Don Imus, mtangazaji wa asubuhi ambaye hakuwa mtu wa michezo hasa, lakini alivuta wasikilizaji na matangazo. Alidumu hadi Aprili 2007, alipofukuzwa kwa maneno ya kibaguzi dhidi ya wachezaji wa kike wa mpira wa kikapu wa chuo cha Rutgers.

Lakini roho ya stesheni ilikuwa mchana. Septemba 1989 waliketishwa pamoja Mike Francesa na Chris Russo, wakaitwa Mike na Mad Dog. Mike alizungumza kama hakimu asiye na wa kumkatia rufaa. Russo alipayuka kwa sauti ya kukwaruza, maneno yakikimbizana. Walibishana na kununiana, kisha wakarudi kubishana tena, miaka 19, hadi Agosti 2008. Stesheni nyingi za Marekani zikaiga mtindo wao wa watu wawili na simu. Wapigaji nao wakawa na salamu yao: huyu ni mgeni kupiga, mkongwe kusikiliza. Kwa miaka mingi yote hayo yalitoka chini ya jengo la studio za filamu za Kaufman Astoria, huko Queens, na usiku Steve Somers aliwabembeleza wasio na usingizi kwa utani wa taratibu.

Mwaka 1992 Emmis iliiuza stesheni kwa dola milioni 70, bei iliyowashangaza hata waliocheka mwanzo. Mechi za timu ya besiboli ya Mets zilikaa hapo hadi 2013, zikafuatwa na za Yankees, huku Waldman yuleyule akiwa mmoja wa watangazaji wa mechi hizo. Tangu Novemba 2012 matangazo husikika pia kwenye FM 101.9, na sidhani kijana wa leo anajua kuitafuta 660.

Lakini mlingoti bado upo kisiwani High Island, upande wa Bronx. Unashirikiwa na kilohezi 880, iliyokuwa WCBS, redio ya habari tupu kwa miaka 57. Agosti 2024 habari zilikoma huko. Siku hizi 880 inatangaza michezo.