Nani amesema? Historia fupi ya neno la mgonjwa ndani ya kompyuta

Leo naanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Nilipomaliza shahada ya sayansi ya kompyuta nilipata kazi ya kuiandikia zahanati moja programu ya kuweka rekodi za wagonjwa. Kwenye fomu ya usajili kulikuwa na swali la mzio, au aleji kama wengi tunavyosema: je, kuna dawa inayomdhuru mgonjwa? Majibu yalikuwa mawili tu, Ndiyo na Hapana. Nami, ili karani asichelewe na foleni isirefuke, nikaweka Hapana liwe jibu linalokaa pale kabla mtu hajagusa chochote. Nilijiona mwerevu kweli.

Miezi michache baadaye mama mmoja mzee alifika kwenye dirisha la dawa. Mfamasia akatazama skrini, akamwambia, "Mama, hakuna dawa inayokudhuru, sivyo?" Mama akajibu, "Nani amesema, mwanangu? Sindano ya penisilini iliwahi kunivimbisha uso mpaka macho yakafunga." Dawa aliyoandikiwa siku hiyo ilikuwa ya jamii hiyo hiyo ya penisilini. Hakuimeza, Mungu ashukuriwe. Lakini nilipofungua hifadhidata nilikuta karibu kila mgonjwa ana Hapana, na hapakuwa na njia yoyote ya kujua ni nani aliyeulizwa akakana na ni nani ambaye hakuulizwa kabisa.

Swali la yule mama ndilo lililonituma kusoma historia. Nilidhani kumwacha mgonjwa ajieleze mwenyewe kwa kompyuta ni jambo la juzi, la enzi ya simu za kisasa. Kumbe!

Wisconsin, 1966

Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kulikuwa na daktari aliyeitwa Warner Slack. Mapema mwaka 1966, yeye na wenzake walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine maelezo ya mfumo uliokuwa ukimhoji mgonjwa moja kwa moja. Mashine yenyewe ilikuwa LINC, kompyuta ndogo ya maabara iliyobuniwa mwaka 1962 na Wesley Clark na wenzake huko MIT. Kumbukumbu yake ilikuwa maneno 2,048 ya biti 12, yaani kama kilobaiti 3. Picha moja tu kwenye simu yako haiwezi kutosha humo.

Na swali la kwanza walilolichagua ni lipi? Mzio! Mgonjwa aliketi mbele ya skrini, akasoma swali, akabonyeza kitufe cha jibu, na swali lililofuata likategemea jibu alilotoa. Sasa sikilizeni hili, wenzangu mnaoandika programu: majibu hayakuwa mawili. Yalikuwa manne: Ndiyo, Hapana, Sijui, na Sielewi swali.

Niliposoma hapo niliweka kikombe cha chai chini. Watu wenye kilobaiti 3 walipata nafasi ya Sijui na Sielewi. Mimi niliyekuwa na seva yenye gigabaiti kadhaa sikuipata.

Slack aliishi hadi mwaka 2018, na kwa zaidi ya miaka 50 hoja yake ilibaki ile ile: katika huduma nzima ya afya, mgonjwa ndiye rasilimali kubwa kuliko zote na ndiye anayetumiwa kidogo kuliko wote.

Herufi ya kwanza

Mwaka 1968 daktari mwingine Mmarekani, Lawrence Weed, alichapisha makala iliyobadilisha namna rekodi za wagonjwa zinavyopangwa. Kutokana na kazi yake tukapata utaratibu unaoitwa SOAP, ambao kila mwanafunzi wa udaktari na uuguzi anaujua. Sehemu zake ni nne: anachosema mgonjwa, kinachoonekana na kupimwa, tathmini, halafu mpango wa matibabu.

Tazama basi: neno la mgonjwa liko mwanzo kabisa. Lakini tazama pia majina. Sehemu ya kwanza ilipewa jina lenye maana ya hisia za mtu binafsi, na ya pili jina lenye maana ya ukweli usioegemea upande. Kwa hiyo neno la mgonjwa linaandikwa kwanza, ila linaanza likiwa limeshashukiwa. Tena halikuandikwa na yeye. Liliandikwa na daktari, kwa maneno ya daktari.

Mosoriot, 2001

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu historia ya rekodi hizi ina sura muhimu ya Kenya. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana walianzisha mfumo wa kompyuta wa rekodi za wagonjwa, mmoja wa mifumo ya mwanzo ya aina hiyo katika kanda yetu. Ulijengwa kwa Microsoft Access. Kutokana na uzoefu wa watu hao, mwaka 2004 ilianza kazi ya OpenMRS, programu huria ambayo leo inatumika katika nchi nyingi.

Fuata safari ya neno katika mfumo wa namna ile. Mgonjwa anamwambia mhudumu. Mhudumu anaandika kwenye karatasi. Karatasi inapelekwa kwa karani, naye anaingiza kwenye kompyuta. Ilikuwa njia ya busara kwa hali ya wakati ule, na ilisaidia watu wengi. Lakini neno limepita mikono miwili kabla ya kufika. Hata katika OpenMRS, kila taarifa inabeba jina la aliyeiingiza, na hilo hujazwa lenyewe. Aliyeisema lazima mwandishi wa programu aamue kumtafutia nafasi. Asipoamua, basi kwa kompyuta msemaji ni karani.

Mambo? Sawa. Shida.

Je, neno la mgonjwa likifika lenyewe linaleta tofauti? Hapa ndipo nafurahi kuwa Mkenya. Kati ya 2007 na 2008 utafiti uitwao WelTel Kenya1 uliandikisha watu 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya VVU. Nusu yao walitumiwa ujumbe mfupi wa simu kila wiki wenye neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu Shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi. Matokeo yalichapishwa katika The Lancet mwaka 2010: waliofuata dawa vizuri walikuwa asilimia 62 kwa waliotumiwa ujumbe, dhidi ya 50 kwa wengine.

Huko New York, Ethan Basch na wenzake waliwapa wagonjwa wa saratani nafasi ya kuripoti dalili 12 kwa kompyuta wenyewe, na dalili ikizidi muuguzi akapata barua pepe. Wagonjwa walikuwa 766. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba walioripoti waliishi miezi 31.2 kwa kipimo cha kati, na waliopata huduma ya kawaida miezi 26.0. Miezi mitano, jamani! Wala hapakuwa na dawa mpya.

Ila msisahau huyo muuguzi. Katika visa vyote viwili hakuna programu iliyomponya mtu. Mgonjwa alisema, na kulikuwa na mtu wa upande wa pili aliyepewa kazi ya kusikia. Kisanduku kisichosomwa na mtu ni ukuta tu.

Nilichobadilisha

Nilirudi kwenye fomu yangu. Kwanza, hakuna tena jibu linalokaa pale lenyewe. Swali lisiloulizwa linabaki tupu, na skrini inaonyesha HAJAULIZWA kwa rangi nyekundu. Pili, Sijui imepata nafasi yake. Tatu, kila jibu lina aliyeandika, aliyesema, na tarehe. Sikubuni kitu, hata toleo la nne la FHIR, kiwango cha kimataifa cha kubadilishana rekodi za afya, linatenganisha aliyeandika na aliyetoa habari za mzio. Nne, Hapana zote za zamani nilizifuta zikawa tupu.

Makarani walinung'unika sana, na walikuwa na haki, maana foleni ilirefuka. Tukakubaliana swali lihamie kwa muuguzi anayepima presha, ambaye tayari anakaa na mgonjwa dakika kadhaa.

Yule mama alirudi baadaye. Kwenye rekodi yake sasa pameandikwa: penisilini, uso kuvimba, macho kufunga. Na kwenye safu ya aliyesema: mgonjwa mwenyewe.

Nawe unayeandika programu zenye watu ndani yake, nenda leo ukaangalie majibu uliyoyaweka kabla mtu hajagusa chochote. Jiulize swali la mama. Tuonane tena.