Nyumba za Kupangisha za Kambi Muru na Suala la Kuzihifadhi

Uhifadhi wa nyumba za kale za kulala wageni nchini Kenya umezoea kuelekea kwenye majengo ya mawe na majina makubwa. Hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa Nairobi mnamo Desemba 1904, ilibomolewa sehemu yake kwa bomu tarehe 31 Desemba 1980, nayo ikajengwa upya ikaendelea kupokea wageni wake. Lakini nyumba za udongo zilizompokea mgeni wa mji asiye na fedha za hoteli, kama zile za vijiji vya Wanubi vya Kibera, Kambi Muru kikiwamo, hazijapata mtetezi wa aina hiyo.

Wanubi ni wazawa wa askari wenye asili ya Sudan, ambao baadhi yao waliandikishwa na ofisa Mwingereza Lugard mwaka 1891 kutoka katika masalia ya jeshi la Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta la Sudan, na ambao baadaye waliingizwa katika King's African Rifles, jeshi la kikoloni lililoundwa mwaka 1902. Wastaafu wao waliruhusiwa kukaa Kibera, eneo la kijeshi lililotangazwa rasmi mwaka 1918 likiwa na eka 4,197, na hapo wakajenga nyumba inayoitwa ya Kiswahili, yaani nyumba yenye ujia katikati, vyumba pande zote mbili na ua wa nyuma, kuta zake zikiwa za fito zilizokandikwa udongo. Mpango huo ulifaa biashara, kwa kuwa mwenye nyumba aliweza kubaki na chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyosalia, kama walivyofanya wenye nyumba wa Pumwani, mtaa uliotengewa Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mwafrika aliyekuja Nairobi kutafuta kazi, kipande (kitambulisho cha kazi) shingoni, hakuwa na mahali pengi pa kulala kihalali. Chumba cha Mnubi kilimpa paa, na kodi yake ikamlisha mwenye nyumba ambaye pensheni haikumfikia.

Hapa mhifadhi anapaswa kuwa mwangalifu. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 1934, iliwahesabu Wanubi kuwa wapangaji wanaokaa kwa ridhaa ya serikali, bila haki ya kumiliki, na kwa msimamo huo ujenzi wa kudumu ukazuiwa. Hata baada ya uhuru, ukarabati mdogo ulihitaji kibali cha chifu. Udongo wa kuta hizo, basi, ni ufundi kwa upande mmoja na amri kwa upande mwingine, na anayeusifu kama mila tupu anaisamehe sheria iliyouzuia usibadilike.

Wakati huohuo ardhi ilizidi kupungua, kwani mitaa rasmi ilijengwa juu ya sehemu kubwa yake, huku wapangaji wakiongezeka kiasi kwamba mwaka 2001 mzozo wa kodi kati yao na wenye nyumba uligeuka kuwa mapigano. Mwezi Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliikabidhi jamii ya Wanubi hati ya eka 288, ambayo ni hati ya pamoja chini ya wadhamini na si ya mtu mmoja mmoja. Mwaka uliofuata, nyumba nyingi za Kibera zilivunjwa ili kupisha barabara inayounganisha Barabara ya Ngong na ile ya Lang'ata.

Hati hiyo imeondoa sababu ya zamani ya kujenga kwa udongo, na kwa hiyo imefungua pia mlango wa ghorofa. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inaruhusu jengo kutangazwa kuwa kumbukumbu ya kihistoria, na hakuna kifungu chake kinachodai kuta za mawe. Makumbusho ya Taifa na wadhamini wa ardhi hiyo wanapaswa kuzipima na kuzichora nyumba za ujia zilizobaki, kuchagua chache za kukarabatiwa, na kuhakikisha kwamba wapangaji waliomo hawafukuzwi kwa jina la urithi.