Mjane wa Roma na Maombi Mafupi



Juma lililopita nilipogusia kutafakari Neno kama msaada kwa mtu mwenye kiwewe, ndugu mmoja aliniuliza: "Pasta, hayo si mambo ya yoga?" Ni swali la haki. Leo nakujibu kwa historia, kwa maana jambo hili liliandikwa hapa hapa Afrika miaka 1,600 iliyopita, na aliyeandikiwa alikuwa mkimbizi.

Tarehe 24 Agosti mwaka 410 jeshi la Wagothi, likiongozwa na Alaric, liliingia Roma na kuupora mji kwa siku tatu. Kati ya waliokimbia alikuwemo mjane mmoja wa ukoo tajiri sana, jina lake Proba. Alivuka bahari hadi Carthage, katika Tunisia ya leo, pamoja na mke wa mwanawe, Juliana, na mjukuu wake Demetrias. Jerome, yule mtafsiri wa Biblia, anasimulia kwamba akiwa chomboni Proba aliuona moshi wa nyumbani kwake. Hata alipofika nchi kavu hakupata pumziko, kwa sababu mtawala wa huko, Heraclianus, aliwakamua wakimbizi mali zao. Wewe uliyelala kwenye hema mwanzoni mwa 2008 huhitaji kuelezwa. Unakimbia moto, halafu mbele unamkuta mwenye tamaa amekaa anakungoja.

Proba huyu alimwomba Augustino, askofu wa Hippo (Algeria ya leo), amwandikie kuhusu kuomba. Jibu lilimfikia kama mwaka 412, na hadi leo tunalo: ni barua ya 130 katika barua za Augustino. Ni ndefu. Lakini kuna sehemu moja ambayo ningependa kila aliyeumizwa aijue.

Augustino anamweleza Proba habari za ndugu wa Misri, watawa wa jangwani. Anasema wao huomba mara nyingi sana, ila maombi yenyewe ni mafupi mno, yanarushwa haraka kama mshale. Kwa nini? Kwa sababu wanajua moyo ukikazwa kwa muda mrefu huchoka na kuwa butu. Kisha anaongeza neno la hekima: usiulazimishe usikivu wako usipoweza kudumu, wala usiukatize haraka ukidumu. Tena anamwambia kwamba kazi hii mara nyingi hufanywa kwa kuugua kuliko kwa maneno, kwa machozi kuliko kwa kusema.

Soma tena hapo, mpendwa. Mama aliyekimbia vita hakuambiwa, "Kaa kimya saa nzima."

John Cassian aliwatembelea watawa hao mwishoni mwa karne ya nne na kuandika alichofundishwa. Mzee mmoja, Isaka, alimpa mstari mmoja tu, ule wa kwanza wa Zaburi 70, mtu anapomlilia Mungu aje upesi kumsaidia. Urudie ukiogopa, ukiwa kazini, ukiwa safarini, ukikosa usingizi, mpaka usingizi ukukute ukiwa nao mdomoni. Na watu hao walikuwa na kazi mikononi, wakisuka mikeka na vikapu.

Kwa hiyo ndugu yangu wa yoga, hatujaazima kitu kwa jirani. Neno la Kiebrania lililo kwenye Yoshua 1:8, pale anapoagizwa kutafakari mchana na usiku, ni *hagah*. Neno hilo hilo linatumika kwa simba anayenguruma juu ya windo lake katika Isaya 31:4, na kwa Hezekia mgonjwa akilia kama njiwa katika Isaya 38:14. Ni sauti ya chini, ya kooni. Sisi Wapentekoste tunapenda sauti ya juu, na sina ugomvi nayo, lakini hata hii imo katika Biblia.

Sasa niungame. Miaka kadhaa iliyopita nilimwita dada mmoja, aliyetoroka kwao usiku wakati wa zile ghasia, nikamwambia afunge macho, anyamaze nusu saa, amngojee Bwana. Nilidhani namsaidia. Hazikupita dakika tano akaanza kutetemeka na kukosa pumzi, akatoka nje mbio. Gizani mwa macho yake alikuwa amerudi kule kule. Mimi, kwa ujinga wangu, nikawaza kuna pepo la kukemea. Lilikuwa jeraha, na mimi ndiye niliyelitonesha. Ile barua nilikuwa nimeisoma chuo cha Biblia, nikaijibia mtihani, nikaisahau.

Madaktari wa akili wa Marekani waliupa ugonjwa wa mshtuko wa baada ya maafa jina rasmi mwaka 1980, na wanaotibu kiwewe leo wanaonya jambo hilo hilo: kwa wengine, kimya kirefu cha macho kufungwa huamsha yaliyolala.

Basi ukitaka kuanza, anza kama watu wa Misri. Macho wazi. Miguu ikanyage sakafu, uisikie. Chagua mstari mmoja unaoujua kwa moyo, useme polepole kwa sauti ya chini, mara tatu au nne, kisha endelea na shughuli zako. Dakika mbili zatosha. Picha za zamani zikija, acha, simama, taja vitu unavyoviona chumbani, mwite mtu. Huo si ukosefu wa imani, Augustino alikwisha kukuruhusu. Na kama unatumia dawa au unamwona mshauri, usiache. Wala usiwe peke yako katika hili. Cassian alikwenda kwa mzee na rafiki yake Germanus.

Yule dada nilimwomba msamaha. Ilichukua muda kabla hajarudi kuketi nami. Alipokubali, tuliketi nje, mke wangu akiwepo, na yeye mwenyewe akaomba ungo. Akawa anachagua maharagwe huku akiutaja mstari wake, mmoja tu, sauti ya chini hata mimi sikuusikia vizuri. Alipochoka aliacha, tukanywa chai.