Daktari Aliyeiita Hasira Ugonjwa

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilimkabidhi Dkt. J. C. Carothers hospitali ya Mathari, Nairobi. Hakuwa bingwa wa magonjwa ya akili. Alikuwa daktari wa kawaida wa serikali. Akahesabu Waafrika waliolazwa pale, akaona wenye sonona ni wachache mno, akahitimisha kwamba Mwafrika haugui huzuni kama Mzungu. Lakini hebu fikiria: enzi hizo nani huku Tigania angefunga safari hadi Nairobi na mgonjwa anayelia kimyakimya? Waliofikishwa Mathari ni waliosumbua watu, mara nyingi kupitia polisi. Aliyejifungia nyumbani hakuhesabiwa.

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu. Humo alifananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Na hili ni shirika lilelile ambalo katiba yake, iliyoanza kutumika 1948, inasema afya ni ukamilifu wa mwili, akili na maisha ya kijamii, si kukosa ugonjwa tu. Maneno matamu kweli. Ila kipimo kilikuwa mkononi mwa nani?

Kisha serikali ikamtaka aeleze Mau Mau. Ripoti yake ya 1954 haikuhangaika sana na ardhi iliyonyang'anywa. Ilieleza zaidi watu waliochanganyikiwa kati ya mila na usasa, na viapo vilivyowavuruga akili. Ukishamwita mtu mgonjwa, huna haja ya kumjibu, unamtibu tu. Dawa yenyewe ikawa kambi za kizuizini, ati za kurekebisha watu, na vijiji vya lazima, ambavyo Carothers aliviunga mkono. Zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati, ambao wakati huo ulijumuisha Embu na Meru, wakahamishiwa vijijini humo.

Naandika haya nikiwa Nchiru. Musa Mwariama alikuwa mtu wa huku Tigania, na alibaki msituni hadi Desemba 1963, nchi ilipopata uhuru. Kwa kipimo cha ripoti ile, huyo ni mgonjwa sugu.

Mtindo huo wa kupima haujaisha. Nilipoacha chuo Nairobi nikarudi nyumbani, majirani walimuuliza mama kama nimerogwa au ni stresi. Karo ilikuwa pesa ngapi, hakuna aliyeuliza.