Mtindio wa ubongo: Siku ya chanjo ndiyo siku ya kumkagua mtoto

MAMA anapolalamika kwamba mwanawe wa miezi minne bado hajakaza shingo, mara nyingi huambiwa avute subira kwani watoto hawakui kwa kasi moja. Kwa watoto wengi jibu hilo ni sahihi. Lakini kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, subira hiyo humpotezea miezi ambayo huduma ingemfaa zaidi.

Kwa muda mrefu hali hii ilikuwa ikithibitishwa mtoto akiwa na umri wa kati ya mwaka mmoja na miwili. Mwaka 2017, jopo la wataalamu wa kimataifa lilichapisha mwongozo katika jarida la JAMA Pediatrics, likaonyesha kwamba inaweza kubainishwa kabla ya mtoto kutimiza miezi sita.

Kwa wakazi wa Garissa, Wajir na Mandera, kaunti zilizokuwa zikiunda Mkoa wa Kaskazini Mashariki, habari hiyo ina uzito wa pekee. Sehemu kubwa ya uchunguzi huo haihitaji mashine ghali, na wakati wake mwafaka huangukia siku ambazo mtoto hupelekwa kliniki kuchanjwa.

Hali yenyewe na chanzo chake

Mtindio wa ubongo si laana, wala hauambukizi. Ni kundi la matatizo ya mwendo na mkao wa mwili yanayosababishwa na ubongo kuumia, au kutokua ipasavyo, mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya kwanza ya maisha. Jeraha lenyewe la ubongo haliongezeki, lakini misuli huzidi kukakamaa na mifupa kupinda mtoto asipohudumiwa.

Utafiti uliofanywa katika wilaya za Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2017, ulipata karibu watoto watatu wenye hali hii katika kila 1,000. Takriban robo yao waliipata baada ya kipindi cha uchanga, malaria ikiwa miongoni mwa sababu kuu.

Visababishi vingine ni mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa kabla ya wakati, homa ya uti wa mgongo, na manjano makali ya siku za mwanzo. Kutoka Mandera hadi mji wa Garissa ni zaidi ya kilomita 600, na akina mama wengi wa jamii za wafugaji hujifungulia nyumbani. Uchungu ukichukua muda mrefu, msaada huwa mbali.

Manjano ya mtoto mchanga, ambayo ni tofauti na homa ya manjano, hutibiwa hospitalini kwa mwanga maalumu wa buluu. Kumchoma mtoto kwa chuma cha moto, kama inavyofanywa katika tiba za jadi za baadhi ya wafugaji, hakuyaondoi. Humwachia kidonda na kuchelewesha tiba huku ubongo ukiendelea kudhurika.

Hata hivyo, takriban nusu ya watoto wenye mtindio wa ubongo huzaliwa bila ishara yoyote ya hatari, baada ya mimba na uzazi ulioonekana wa kawaida. Ndiyo sababu kila mtoto anastahili kukaguliwa.

Dalili za kuangaliwa

Mzazi anapaswa kuchukua hatua akiona mojawapo ya haya:

- Kichwa kinaanguka nyuma mtoto anapoinuliwa kwa mikono, ilhali ametimiza miezi minne.
- Ngumi zimefumbwa wakati mwingi baada ya miezi minne.
- Mtoto hawezi kuketi bila kuegemezwa afikapo miezi tisa.
- Anatumia mkono mmoja na kuutelekeza mwingine kabla ya mwaka mmoja.
- Mwili ni mkakamavu au mlegevu kupita kiasi, au ananyonya kwa shida.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huhesabiwa umri kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Aliyetangulia kwa miezi miwili, kwa mfano, akifika miezi sita hupimwa kama wa miezi minne.

Vipimo vitatu

Mwongozo wa 2017 unataja vipimo vitatu vikuu. Cha kwanza kilibuniwa na Heinz Prechtl, daktari mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Groningen, Uholanzi. Mtoto hulazwa chali akiwa macho na ametulia, kisha mtaalamu hutazama mienendo yake ya hiari. Kati ya wiki ya 9 na ya 20, mtoto mwenye afya huonyesha miondoko midogo midogo isiyokoma ya shingo, kiwiliwili, mikono na miguu. Ikikosekana, hiyo ni ishara nzito ya hatari.

Cha pili kilitokana na kazi ya madaktari wa hospitali ya Hammersmith, London. Kina vipengele 26 vya kukagua macho, mkao, misuli na mwitikio wa mwili, na alama za juu kabisa ni 78. Mtoto wa miezi mitatu anayepata chini ya 57 huhesabiwa kuwa katika hatari kubwa. Cha tatu ni picha ya ubongo ya MRI, ambayo ni ghali na haipatikani kwa urahisi nje ya miji mikubwa.

Kwa mujibu wa ratiba ya Kenya, mtoto huchanjwa anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ziara mbili za mwisho zimo ndani ya muda wa kipimo cha Prechtl. Video ya dakika chache iliyopigwa kwa simu, mtoto akiwa na nguo nyepesi na bila kulia, yaweza kutumwa kwa mtaalamu aliye mbali. Familia inayohama kutafuta malisho inaweza kuirekodi yenyewe na kuionyesha katika kituo chochote cha afya kilicho njiani.

Tofauti na polio

Eneo hili linaifahamu polio, ambayo ilizuka Dadaab mwaka 2013. Polio humlegeza ghafla mtoto aliyekuwa akisogeza viungo vyake vyema, mara nyingi baada ya homa. Mtindio wa ubongo hujitokeza polepole, na kwa kawaida misuli hukakamaa. Udhaifu wa ghafla ni sharti uripotiwe mara moja ili choo cha mtoto kipimwe.

Hatua za kuchukua

Huduma isisubiri jina la ugonjwa lithibitishwe. Mtoto aliyetajwa kuwa katika hatari kubwa aanzishiwe mara moja mazoezi ya viungo, na mzazi afunzwe namna ya kumbeba, kumlisha na kucheza naye ili ajifunze kusogea mwenyewe. Apimwe pia macho, masikio, nyonga na kifafa. Mtindio wa ubongo hauponi, lakini ubongo hujifunza kwa kasi zaidi katika miaka miwili ya kwanza, na mtoto anayeanza mapema hupata nafasi bora ya kuketi, kutembea na kuzungumza.

Mzazi aende na kitabu cha afya ya mama na mtoto, aonyeshe ukurasa wa hatua za ukuaji, na aombe kuelekezwa kwa wataalamu wa hospitali ya rufaa ya kaunti. Hali ikishathibitishwa, mtoto anaweza kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Akiambiwa asubiri, ana haki ya kuuliza ni hadi lini, na kurudi kabla ya siku hiyo iwapo dalili zinazidi.