Laennec, mganga aliyesikiliza kifua

Nani kati yetu hajamwona mganga wa hospitali akisikiliza kifua cha mgonjwa? Anatia vijiti viwili masikioni, anaweka kisahani juu ya ngozi, kisha anasema: «Vuta pumzi. Toa. Vuta tena.» Watu wa nyumbani wanakaa kimya, wakingoja neno lake. Lakini yeye anasikia nini mle ndani? Na nani aliyewafundisha waganga kusikiliza namna hii? Leo nataka kuwasimulia habari hiyo, kwa maana inatuhusu sote.

Kifua ni nyumba iliyofungwa

Moyo na mapafu ni wafanyakazi wawili wasiopumzika, mchana wala usiku. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 mpaka 100 kwa dakika moja, naye huvuta pumzi mara 12 mpaka 20. Mapafu hupokea hewa safi, moyo husukuma damu ije kuichukua na kuipeleka mwilini mwote. Mwingereza William Harvey alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1628 kwamba damu huzunguka, hutoka moyoni na kurudi moyoni. Wafanyakazi hao ni kama watu wawili wanaobeba mti mmoja: mmoja akilegea, mwenzake analemewa. Ndiyo sababu mtu mwenye moyo mgonjwa huhema sawasawa na mtu mwenye mapafu mabovu.

Lakini wote wawili wamefungiwa nyuma ya mbavu. Mganga wa zamani angewaonaje? Aliweza kushika mkono na kuhesabu mapigo, kutazama uso, kuuliza maswali. Wagiriki wa kale walijua kutega sikio kifuani, lakini desturi hiyo ilikuwa karibu kusahauliwa. Mara nyingi ugonjwa wenyewe ulijulikana baada ya kufa, maiti ilipopasuliwa. Wakati huo mgonjwa hana faida tena.

Mtoto wa mwenye nyumba ya wageni

Wa kwanza kubisha hodi katika nyumba hiyo alikuwa Leopold Auenbrugger, aliyezaliwa mwaka 1722 katika mji wa Graz, nchi ya Austria. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni. Watu husimulia kwamba mtoto alijifunza huko kugonga mapipa ya divai ili kujua yamejaa kiasi gani. Sisi nasi tunaijua akili hiyo: mama akitaka kujua kama mawese yamebaki katika bido, anagonga kwa kidole. Penye mafuta panatoa sauti nzito, patupu panalia.

Auenbrugger alipokuwa mganga mjini Vienna, aligonga vifua vya wagonjwa wake kwa ncha za vidole. Kifua chenye hewa kililia kama ngoma iliyofunikwa kitambaa. Penye maji au uvimbe, sauti ilikufa. Alichunguza jambo hilo miaka saba, kisha mwaka 1761 akatoa kitabu kidogo kwa Kilatini. Waganga wengi hawakukijali. Lakini mwaka 1808 Corvisart, mganga wa Napoleon, alikitafsiri kwa Kifaransa na kuwafundisha wanafunzi wake. Mmoja wa wanafunzi hao ndiye mtu wetu wa leo.

Kijana wa Quimper

René Laennec alizaliwa tarehe 17 Februari 1781 katika mji wa Quimper, jimbo la Bretagne, Ufaransa. Mama yake alikufa yeye akiwa bado mtoto mdogo. Alilelewa mjini Nantes na baba yake mdogo, aliyekuwa mganga, na mwaka 1801 akaenda Paris kusoma. Hakuwa mtu wa nguvu; mwili wake ulikuwa mwembamba. Alikuwa Mkatoliki mwenye ibada, tena alipenda kupiga filimbi. Mwaka 1814 askari vijana wa Bretagne walilala wagonjwa Paris, na wengine hawakujua Kifaransa. Laennec aliwatunza na kusema nao kwa lugha ya kwao. Mnaona, kabla ya kusikiliza vifua alijua kwanza kusikiliza watu.

Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker, aliletewa mwanamke kijana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Mwili wake ulikuwa mnene, kwa hiyo kugonga hakukusaidia. Kuweka sikio juu ya kifua cha msichana hakukufaa, maana heshima ilimkataza. Afanye nini basi? Akakumbuka jambo dogo: ukitega sikio kwenye mwisho mmoja wa boriti, unasikia vizuri mtu akikwaruza mwisho wa pili kwa pini. Akachukua karatasi, akazikunja pamoja kama bomba, akaweka upande mmoja kifuani na sikio lake upande wa pili. Kumbe! Alisikia mapigo ya moyo wazi kuliko alivyowahi kuyasikia kwa sikio tupu.

Tangu siku hiyo hakuacha. Alichonga bomba la mti, urefu wake karibu sentimita 30, akaliita stetoskopi, kwa maneno ya Kigiriki ya «kifua» na «kutazama». Kwa kweli chombo hicho kilikuwa jicho la sikio.

Kazi ya uvumilivu

Wengi hudhani ya kuwa sifa ya Laennec ni kile kipande cha mti. Sivyo. Mtoto yeyote angeweza kukunja karatasi. Sifa yake ni uvumilivu wa miaka iliyofuata. Kila siku alisikiliza wagonjwa, akaandika aliyoyasikia. Mgonjwa akifa, alitazama ndani ya kifua chake ili kujua kama sikio lilisema kweli. Hivyo alijifunza maana ya kila sauti. Mapafu yenye ugonjwa mkali wa homa yalitoa mlio kama chumvi inayopasuka katika chungu cha moto. Maji yakijikusanya kando ya pafu, sauti ya mgonjwa akisema ilisikika kama mlio wa mbuzi. Mwaka 1819 aliyatia yote katika kitabu chake kikubwa, na waganga wa nchi nyingine wakaja Paris kujifunza kwake.

Kuna jambo moja linalonigusa. Milio ile aliiita kwa neno la Kifaransa ambalo wagonjwa walilijua kuwa ni mkoromo wa mtu anayekata roho. Kwa hiyo, mbele ya kitanda alitumia neno la Kilatini, ili asimtishe mgonjwa. Elimu yake haikumfanya asahau kwamba ndani ya kifua kile kuna mtu mwenye hofu.

Sikio bila dawa

Sasa tunafika mahali pa huzuni. Ugonjwa aliouchunguza kuliko yote ulikuwa kifua kikuu, na ugonjwa huo ulimshika yeye mwenyewe. Mwaka 1826 alikuwa amekonda, anakohoa, ana homa. Mpwa wake Mériadec, aliyekuwa mganga, alichukua stetoskopi na kusikiliza kifua cha mjomba wake. Alisikia zile sauti zilizoandikwa katika kitabu. Laennec alirudi kwao Bretagne, akafa tarehe 13 Agosti 1826, mwenye miaka 45. Stetoskopi yake alimwachia Mériadec.

Alikuwa na sikio, lakini dawa hakuwa nayo. Ilibidi watu wangoje mpaka mwaka 1882, Mjerumani Robert Koch alipotangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Na mpaka mwaka 1943, dawa ya streptomisini ilipopatikana Marekani. Siku hizi kifua kikuu cha kawaida huponywa kwa vidonge, mara nyingi kwa miezi sita, mgonjwa asipokatiza.

Kupima nguvu za mtu

Wengine waliendeleza kazi hiyo. Mwaka 1846 John Hutchinson wa Uingereza alionyesha chombo cha kupima kiasi cha hewa mtu anachoweza kutoa kwa pumzi moja. Alikuwa amepima watu zaidi ya 2,000, akaona kwamba warefu hutoa hewa nyingi kuliko wafupi. Tangu miaka ya 1850 stetoskopi ya masikio mawili ilianza kuenea, na mwaka 1895 Wilhelm Röntgen aligundua miali inayopiga picha ya mifupa na kifua.

Lakini mgonjwa hauliza tu: «Nina ugonjwa gani?» Anauliza pia: «Nitarudi shambani? Nitapanda mlima wa kwetu?» Hapo ndipo kazi ya wanafunzi wa kinesiterapi, yaani wale wanaorudishia mwili nguvu kwa mazoezi. Wanafundishwa mambo manne ya zamani: kutazama kifua kinavyopanda na kushuka, kukishika, kukigonga kama Auenbrugger, kukisikiliza kama Laennec. Kisha wanaongeza la tano: wanamwambia mgonjwa atembee. Mwaka 1982 waganga wa Uingereza walionyesha kwamba dakika sita za kutembea zatosha kupima nguvu za mwenye ugonjwa wa mapafu. Mgonjwa anakwenda na kurudi katika njia tambarare, kwa mwendo wake mwenyewe, na anaweza kupumzika akichoka. Wanapima meta alizotembea, wanahesabu mapigo na pumzi, wanamwuliza amechoka kiasi gani. Hivyo wanajua mazoezi gani yatamjenga na yapi yatamwumiza. Anayefundisha mazoezi bila kupima kwanza ni kama mtu anayemtwika punda mzigo bila kutazama miguu yake.

Tusikilize mapema

Kwa kazi yangu ya ukatekista ninatembelea wagonjwa nyumbani. Nimemwona baba mmoja akikohoa miezi mingi. Jirani walisema: «Amepewa sumu.» Jamaa walianza kutazamana kwa chuki, fedha zikaisha kwa kutafuta mwenye kosa. Alipofikishwa hospitalini, makohozi yakapimwa: kilikuwa kifua kikuu. Namshukuru Mungu, alipona. Lakini pafu moja lilikuwa limeharibika sana, na hata leo akipanda kilima cha kanisa anasimama mara tatu. Dawa ilikuwapo tangu mwezi wa kwanza wa kukohoa. Sisi ndio tuliochelewa.

Basi, ndugu zangu, mtu akikohoa majuma mawili au zaidi, akikonda, akitoka jasho usiku, akihema bila kazi, au miguu yake ikivimba, asikae kungoja maneno ya jirani. Aende apimwe. Laennec alikuwa na sikio, akakosa dawa. Sisi tuna dawa, tusikose sikio.